Mafuta ya Karafuu Ndani ya Shata

Machano hakuwa na filamu tena, wala mteja, wala magego ya upande wa kulia. Hakuwa na mtoto ila Tahiya, aliyeolewa Maskati, na Tahiya alikuwa hapokei tena simu zake. Na katika nyumba nzima ya Malindi, iliyojaa picha za maharusi wa watu, hakuwa na picha hata moja ya mkewe, Bashira, aliyemzika mwezi wa Rajabu.

"Mama aliniambia ulimpiga picha, na imetoka vizuri," Tahiya alisema siku ya mwisho walipozungumza. "Iko wapi, Baba? Mji mzima umeupiga, mama yangu ndiye wa kupotezwa?"

Simu ikakatwa.

Bashira alikuwa hapendi picha. Ile ya kitambulisho alisema wamemfanya mwizi wa kuku. Kila mumewe alipombembeleza, jibu lilikuwa moja: "Niangalie mwenyewe, mie nipo hapa." Mpaka alipoanza kuumwa. Ndipo akataka apigwe moja tu, ya kumwachia Tahiya, kwa ile kamera kubwa ya mbao.

Filamu ilikuwa imebaki moja. Machano aliijaribu shata, kile kilango cha vibati vyembamba ndani ya lenzi kinachofunguka na kufunga kufumba na kufumbua. Akaiona nzito kidogo.

"Inaumwa viungo kama mimi," alinung'unika, kisha akenda kuswali Adhuhuri.

Maneno hayo Bashira aliyasikia. Alizaliwa Kizimbani, kwenye mashamba ya karafuu, na kwake hapakuwa na maradhi yasiyosikia mafuta ya karafuu: jino la Tahiya, magoti ya Machano, hata sikio la paka. Mumewe aliporudi alimkuta kashavaa kanga mpya, kakaa kitini.

"Nshaitibu kamera yako," alisema.

Machano alidhani ameipangusa vumbi. Harufu haikumshtua, nyumba ile ilinukia karafuu siku zote.

"Haya, Bi Bashira. Tulia, usipepese."

Shata ikalia chak, ikafunguka. Chak ya pili haikuja. Aliiziba lenzi kwa kiganja, lakini mwanga ulikuwa umeshaingia. Shata hutakiwa iwe kavu, na mafuta yalikuwa yamevigandisha vibati. Alipoisafisha filamu, aliikuta imeungua kwa mwanga, nyeusi tititi.

"Imetoka?" Bashira aliuliza jioni, kitandani.

"Imetoka."

"Nimekuwaje?"

"Kama siku ya harusi."

"Muongo wewe," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Iweke, ya Tahiya."

Sasa Machano alikuwa mezani, kalamu mkononi, na Silima, fundi cherehani wa mlango wa pili, kamsimamia.

"Mwambie ukweli, bwana. Kosa si lako."

"Nimwambie ni la mama yake?"

"Mama yake hayupo, haumii."

"Nani kakwambia haumii?"

"Basi mtoto atakuchukia."

"Atanichukia mie. Mie nipo, nitambembeleza."

Silima aliitazama shata iliyokuwa mezani, imechomolewa kwenye kamera. "Angalau ioshe kwa petroli. Itapona leo leo."

"Petroli inaondoa harufu."

Silima akarudi kwenye cherehani yake.

Machano aliandika: *Mwanangu Tahiya, picha ya mama yako niliiharibu mimi. Shata ilikuwa mbovu, nami kwa uzembe sikuitengeneza. Alikaa vizuri. Kanga yake ilikuwa ya zambarau, na mkono mmoja kauweka juu ya goti, kama unavyokaa wewe. Nisamehe ukiweza.*

Aliikunja barua. Kisha, kama alivyofanya kila siku tangu Rajabu, aliichukua shata kwa vidole viwili, akaileta puani, akafumba macho. Alipoirudisha mezani aliitia barua kwenye bahasha, akalamba ukingo wake wenye gundi, na ulimi ukaonja karafuu.

Aliutazama mkono wake, akaitazama bahasha. Nyingine, isiyonukia, ilikuwamo kwenye mtoto wa meza. Hakuifuata. Aliubana ukingo kwa dole gumba mpaka ukashika, akavaa kofia, akaipeleka posta.