Vioo vya Mtaa wa Ukutani

Yai la kwanza lilimpata Natália Furtado sikioni, la pili likapasukia kwenye kola ya koti lake. Na hiyo ilikuwa siku ambayo dukani mayai yalikuwa yanagombaniwa, mkate umekwisha, maziwa yamekwisha, watu wazima wanasukumana na vitoroli kana kwamba kesho ni kiyama. Mtu ahangaike kote huko, apate trei yake moja, halafu aone bora amtupie mtabiri wa hali ya hewa! Hiyo ni chuki ya namna gani?

"La kwanza ni la arusi ya binti yangu," Desmond Keough alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa maegesho. "La pili nimekuongezea tu, kwa mapenzi."

Habari ya arusi ile ilijulikana Tern Point nzima. Mwezi wa Desemba Natália alisimama kwenye televisheni akatangaza theluji ya kufika magotini. Shule zikafungwa, barabara zikamwagiwa chumvi, na Keough akaahirisha arusi ya mwanawe wa pekee. Tufani ikajipindia zake baharini, ikapita mbali, mji ukaambulia manyunyu. Tangu hapo Natália alikuwa ametobolewa matairi, na asubuhi moja alikuta samaki aliyeoza kwenye sanduku lake la barua.

"Bwana Keough, nichukie utakavyo," alisema, ute ukimteremka shingoni. "Lakini leo usilale Mtaa wa Ukutani. Usiku huu kuna bamvua, maji yanajaa kupita kawaida, na upepo utayarusha juu ya ukuta wa bahari. Yakishaingia ndani, baridi inashuka mpaka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mtu aliyeloa hafiki asubuhi."

"Sawa, mtabiri. Sasa niambie, nivae koti au kaptula?"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, hata mama mmoja aliyekuwa amebeba mikate sita. Natália aliingia garini na mayai yake shingoni, akaendesha kwa hasira. Kama angekuwa anajali cheo chake tu, angewaacha wote wakaoge. Lakini nyumba iliyopakana na ya Keough, ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya baba yake.

Watu wa mtaa ule walikuwa na ugonjwa wao, na ugonjwa wenyewe uliitwa sabini na nane. Mwaka huo wa 1978 ilikuja tufani ya theluji ambayo pwani nzima ya Massachusetts haijaisahau, na waliobaki ndani ya nyumba zao wakatoka hai wakajiona hawafi tena kwa maji. Tangu siku hiyo, kila tufani ilipotangazwa, waliohama walizomewa, na waliobaki walivuta viti dirishani, wakafungua chupa ya wiski, wakaitazama bahari na kuitukana. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa vitandani mwao kwa amani. Walibaki wawili tu, Desmond Keough na mzee Gil Furtado, na wawili hao hawakukosa hata tufani moja.

Duarte, mdogo wake Natália, alikuwa anamngoja mbele ya nyumba na gari la zimamoto. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nyepesi bado, lakini upepo ulikwisha kupata meno.

"Baba amenifukuza mara mbili, Dada," Duarte alisema. "Mara ya pili kwa kisu cha jikoni. Na una uhakika lakini? Maana ikipita mbali tena, tutahama wote mji huu."

"Sabini kwa mia."

"Na hiyo thelathini?"

"Hiyo thelathini nitaila mimi. Twende."

Mzee Gil alikuwa jikoni anakoroga supu yake ya sukuma na soseji. Hakugeuka.

"Kama mmekuja kula, sahani ziko pale. Kama mmekuja na yale mengine, mlango uko pale."

"Baba, sikiliza."

"Sabini na nane nilikuwa hapa hapa. Maji yalifika kwenye ngazi ile, yakaniona, yakarudi."

"Sabini na nane kulikuwa na safu mbili za nyumba mbele yako!" Natália alipandisha sauti. "Ziko wapi leo? Mchanga uko wapi? Bahari ilipiga zile, ikachoka, ndiyo ikafika kwako. Sasa wa mbele ni wewe. Boila lako la kupasha nyumba joto liko chini ya sakafu. Maji yakilizima hutakuwa na moto, umeloa, na barabara imezibwa na theluji. Nani atakuja kukuchukua?"

"Nani alikuja Desemba?"

"Desemba nilikosea!"

"Basi kosea tena, ukiwa kwako."

Natália aliufikia mkono wake, na mzee akamzaba kofi. Hakuwa amempiga tangu ana miaka kumi. Kofi lenyewe lilikuwa zito, la mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake, na lilimtupa bintiye kwenye friji. Duarte akasema "Baba!" kwa sauti ya mtoto. Supu ilikuwa inachemka.

Natália alitoka nje. Wote wawili walidhani amekwenda kulia garini. Alikwenda bandani, akachukua nyundo kubwa ya kupasulia mawe, akarudi nayo, na bila neno akaipiga kwenye dirisha la sebule.

Kioo kilimwagika chote. Upepo ukaingia ndani kwa kishindo, ukainua pazia hadi darini, ukang'oa picha ukutani. Akapiga la pili. Akapiga la tatu, akapanda juu, akapiga ya vyumba vya kulala, fremu na vyote, na kila alipopiga alipiga ukelele ambao hata yeye hakuujua ni wake.

"Dada, umerukwa na akili?"

"Mshike Baba asikatwe! Mshike!"

"Nyumba yangu!" mzee alilia. "Nyumba yangu, we shetani! Mama yako alichagua dirisha hilo!" Akamfikia ngazini, akamkamata nywele, akamburuta vidato viwili. Natália akajichomoa, kiganja kinavuja damu, akarudi jikoni akapasua la mwisho. Theluji ikaanza kuanguka ndani ya sufuria ya supu.

"Haya," alisema akihema. "Kaa sasa. Kaa hapa na hiyo sabini na nane yako."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini ngozi husikia baridi. Mzee alisimama katikati ya jikoni, midomo imeanza kugeuka rangi, akitazama huku na huku kutafuta pembe ambayo upepo haufiki, na haikuwepo.

Ndipo Keough alipotokea mlangoni, beleshi la theluji mkononi.

"Gil, achana na wehu hawa! Njoo kwangu, moto uko, chupa iko!"

Na mzee, haki ya Mungu, akaanza kwenda! Alichukua kofia yake, akampita bintiye kama anapita kigingi. Duarte akamkumbatia kwa nyuma, akamnyanyua juu juu. Keough akarusha beleshi, likampata Duarte begani hata pakasikika mlio. Duarte hakumwachia baba yake. Kwa mkono mmoja uliobaki alimtandika Keough ngumi ya pua, na damu ikaruka kwenye theluji. Wakaenda hivyo hadi garini, mzee anapiga mateke, anauma, anawalaani kwa Kireno cha bibi yake, mpaka mlango ukafungwa.

Keough alijizoa, akaingia kwake, akapiga komeo. Baada ya kitambo akatokea dirishani, damu kwenye masharubu, glasi mkononi. Akaiinua juu kumtakia Natália afya njema.

Natália alisimama chini ya dirisha lile na nyundo yake. Ilikuwa hatua chache tu. Mkono ulikwisha kuzoea. Lakini akili, ambayo kwa baba yake ilikuwa imekwenda likizo, hapa ilirudi na maneno mengi. Hii ni nyumba ya mtu. Polisi watakuja. Na ile thelathini je? Kama tufani itapita mbali, ya baba ataimeza, ni aibu ya ndani ya familia. Ya Keough itamfuata kazini, itamfuata mahakamani, itamfuata kaburini: mtabiri aliyevunja madirisha ya watu kwa ajili ya manyunyu. Mashavu yalimwaka, lile la kofi na la pili pia.

"Kaa basi!" alimpigia kelele. "Kaa ufe!"

Akaitupa nyundo nyuma ya gari, wakaondoka.

Haikupita mbali. Ilikuja sawasawa kama alivyoichora kwenye ramani, na ikaja na zaidi. Watu walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa shule, na hata pale, mlimani, walisikia bahari ikipiga ukuta na madirisha yakijibu. Mzee Gil alilala kwenye kitanda cha turubai, uso kwa ukuta, hakumsemesha mtu. Maji yalipojaa, Keough alipiga simu zimamoto. Alisema maji yamevunja mlango wa mbele, yamemfika kifuani, amepanda juu, boila limezima, na anaomba, tena kwa adabu kabisa, waje.

Walikwenda. Duarte alikwenda na bega lake lililovunjika. Mara ya kwanza gari lilikwama kwenye theluji iliyozidi kimo cha mtu. Mara ya pili walikwenda kwa miguu na kamba, wimbi likaja na mapande ya barafu makubwa kama meza, likawazoa wawili, wakawaokoa kwa shida. Mara ya tatu mkuu wao alikataa. Duarte alirudi ukumbini nyusi zimeganda, akakaa chini karibu na dada yake.

"Alipiga tena," alisema. "Alisema hasikii baridi sasa. Halafu akakata."

Asubuhi kulikuwa na jua kali na anga safi, na baridi iliyogandisha pumzi puani. Mtaa wa Ukutani ulikuwa barafu tupu, milango na viti na magari yameshikana humo. Jikoni kwa Gil mlikuwa na bahari iliyoganda hadi usawa wa meza. Watu wa zimamoto waliupasua mlango wa Keough kwa shoka, wakapanda. Walimkuta ameketi sakafuni chumbani, amejizungushia mapazia yote, nguo zake zimekuwa ngumu kama mbao. Pua ilikuwa bado imevimba.

Gil alikuwa amesimama barabarani, ameinua uso. Madirisha ya juu ya rafiki yake yalimetameta juani, kioo kwa kioo, mazima yote.

"Nyundo ulikuwa nayo mkononi," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana.

"Nilikuwa nayo, Baba."

"Mbona hukumvunjia na yeye?"

Natália alitaka kusema sheria, alitaka kusema polisi. Akayaacha.

"Niliogopa kukosea tena," alisema. "Kwako, hata ningekosea, nilijua utanisamehe."

"Nani alikuambia ningekusamehe?"

Kisha mzee alivua kofia, akasimama hivyo, kichwa wazi katika baridi ile, mpaka walipomteremsha Desmond. Natália hakuthubutu kumwambia aivae.