Sentensi Iliyofutwa kwenye Risala

"Futa hiyo," alisema Mzee Gidamis, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji hapa Nakwa, akiigonga karatasi yangu kwa kalamu.

Kesho yake ofisa wa ubalozi angekuja kuzindua kisima ambacho nchi yake ilituchimbia. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo risala niliiandika mimi. Mwishoni niliweka: "Tunaiomba serikali yako iache kuwapiga mabomu watoto wa nchi jirani na yako."

"Mzee, tunasikia redioni kila siku. Tunyamaze tu kwa sababu wametupa maji?"

"Mtu akulishe, nawe umtukane ukiwa bado unatafuna? Mabomba waliyoahidi kuvuta hadi kijiji cha Singe hayajaja, binti. Kamsomee Mama Leonia hiyo risala yako, akiwa lamboni na punda wake."

Mama Leonia wa Singe nilimjua, na mgongo wake uliopinda kwa kubeba maji niliujua. Nikafuta.

Siku ya uzinduzi nilisoma kwa sauti ndogo, nikashukuru, watu wakapiga makofi. Sasa ilibaki nimkabidhi mgeni risala mkononi, kama ilivyo desturi. Kabla sijamfikia niliinama, nikang'oa majani mabichi, nikayaweka juu ya karatasi.

"Haya ni ya nini?" aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza.

"Kwetu Wamaasai, anayeshika majani anaomba ugomvi uishe," nilisema, yeye tu asikie. "Kwa maji tunashukuru sana. Ila watoto wa kule mnakopigana, naomba waachwe waishi."

Aliyatazama majani, kisha akanitazama mimi.

"Mimi ni mtu mdogo ofisini."

"Hata mimi."

Akayapokea kwa mikono miwili. Akaniuliza jina, akaliandika nyuma ya risala: Naitoti.

Gari lake lilipoondoka, Mzee Gidamis alinijia.

"Umemnong'oneza nini?"

"Ile sentensi."

"Amekasirika?"

"Ameandika jina langu."

"Na mabomba?"

"Amesema atarudi mwezi wa sita kupima njia. Zaidi ya hapo sijui, mzee."

Alichora chini kwa fimbo.

"Hata sisi Wabarbaig tunayajua majani hayo," alisema mwishowe. "Mwombaji mmoja ni rahisi kumkataa. Akirudi, tutayashika kamati nzima."

"Mbele ya watu?"

"Pembeni," alisema. "Lakini wote."