Kuonja Si Kula

Apolline alivua kandambili, akavua kilemba, akavua hata hereni, ndipo akapanda mizani. Mshale haukumhurumia. Uliruka ukatua palepale ulipotua mwezi jana.

"Mama, haupungui," alisema nesi. Kliniki hiyo ya Nyamityobora, mjini Mbarara, Uganda, haikukubali kumpasua ngiri kabla mwili haujapungua. "Chakula nilisema, wewe nakula?"

"Nakula vile ulisema. Bugali kidogo, kama ngumi ya mtoto. Maharagi, mboga, ndagala. Uliza bwana yangu."

Bienvenu, mumewe, alitikisa kichwa kukubali. Kule Nakivale, kambini kwa wakimbizi, ndagala, yaani dagaa, zikiwa kiganja kimoja tu, huzisukuma zote upande wa mkewe. "Kula, Mama Eliane, dawa yako iko humo." Yeye huchovya bugali katika mchuzi wa maharagi ambao maharagi yenyewe yameshahama.

Nesi aliutazama mkanda wa Bienvenu. Ulizunguka kiuno, ukabakiza mkia wa kufungia mbuzi.

"Ssebo! Bwana! Mimi niliambia nani apungue?"

Walicheka wote, Bienvenu kupita wote. Apolline alicheka kwa meno tu.

"Na hakuna kitu ingine nakula, mama?"

"Kula? Hapana."

Wala hakudanganya. Kwao Uvira, Kongo, kula ni bugali. Mengine ni kuchezesha mdomo. Kila alfajiri alikaanga maandazi ya kuuza. La kwanza alionja sukari. La katikati, kama limeiva ndani. La mwisho, mafuta yasije yakawa yamechacha. Na yaliyopasuka, nani angeyanunua? Mdomo ulikuwa ukionja. Tumbo, lisilojua Kiswahili, lilikuwa likila.

Njiani Bienvenu alisimama kupandisha suruali.

"Usihuzunike. Pengine mizani yao imekufa. Kuanzia leo nitakuachia na mchuzi."

Apolline alimshika mkanda, akaukaza mwenyewe.

Alfajiri, andazi la kwanza lilivimba, likageuka rangi ya asali. Bienvenu, akichochea kuni, aliuliza kama kawaida yake, "Onja basi. Sukari imetosha?"

Apolline aliliopoa, akalipuliza, akamnyooshea.

"Onja weye."

"Mimi? Mambo ya sukari najua nini?"

"Onja, Baba Eliane. Lote."

Bienvenu aliuma, akafumba macho, akatafuna polepole kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Ndani ya karai andazi jingine lilipasuka, likamgeuzia Apolline ule upande wake ulio wazi. Hakuligusa. Alilitazama mpaka likaanza kuungua.