Raha Inafanyiwa Marekebisho

Kama kulikuwa na kitu kizima pale Bustani ya Raha Jumamosi ile, kilikuwa ni geti. Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu mpya, likatiwa mafuta hadi likawa linafunguka bila kelele, na pembeni yake dirisha la kukatia tiketi nalo lilikuwa linafanya kazi bila hitilafu yoyote. Kasian alilipia watu wawili, bei kamili. Vestina akaingia, akasimama, akatazama.

Treni ya watoto ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, magurudumu hayapo. Bwawa lilikuwa limekaushwa, ndani yake mna toroli na mifuko mitupu ya saruji. Lile puto la kurukia lilikuwa limelala chini kama nguo iliyokatwa ikakosa wa kuishona. Na gurudumu kubwa, lile unaloliona tangu barabarani ukiingia Kasulu, lile lililowatoa Kibondo alfajiri na baridi yote ile, lilikuwa limezungushiwa mabati, viti vyake vinaning'inia huko juu bila mtu. Kila mahali pamebandikwa bango: TUNABORESHA HUDUMA. SAMAHANI KWA USUMBUFU.

"Samahani ipo, punguzo halipo," Vestina alisema.

Mlinzi wa getini, mzee Ndayikeza, alimsikia. "Mwakeye, dada," alimwamkia kwa Kiha, kwa upole. "Mwihangane. Mkija mwakani mtafurahi."

"Mwihangane? Kwani nani kafa?"

Mzee alicheka, lakini Vestina hakuwa akitania sana. Kwao Kitanga neno hilo maana yake ni vumilieni, ndiyo, ila mahali pake hasa ni msibani. Unaingia, unaushika mkono wa mfiwa kwa mikono yako miwili, unamwambia wihangane, unakaa chini kimya. Ni neno la mambo yasiyorudi. Sasa leo linagawiwa getini pamoja na tiketi.

Na yeye alikuwa na haraka yake. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu Kasian amchumbie, na miaka yote hiyo ilikuwa ya nyumba. Kwanza tusubiri msingi. Msingi ukakauka, akasema tusubiri lenta. Lenta ikafungwa, magugu yakaota sebuleni yakafika dirishani, na sasa ni tusubiri bati. Kibondo nzima ilikwisha kuona kwamba binti wa watu anapigwa kalenda. Wateja wake wa kushonesha walikuwa wakimuuliza habari za bati kwa sauti ile ya kuuliza hali ya mgonjwa. Mwezi uliopita akamwambia Kasian waziwazi: nitajie siku ya kuleta posa kwetu, au niache niwashonee wenzangu magauni ya harusi kwa amani. Kasian, mtu wa madoido, akasema siku hiyo ataitaja wakiwa juu kabisa ya gurudumu la Kasulu, kisha washuke waende Kitanga wakamwambie mama. Vestina akapiga simu nyumbani. Muda huu Ininahazwe, mama yake, alikuwa amekwisha chinja jogoo.

Walizunguka bustani. Kilichomchefua Vestina hata zaidi ya mabati ni watu. Walikuwa wamejaa, wamependeza, wanapiga picha mbele ya vitu vilivyofungwa. Baba mmoja mwenye kitambi alikuwa akiwaeleza wanawe kwamba hapa patakuja kuwa na treni, na pale patakuja kuwa na maji, utadhani yeye ndiye mkandarasi. Wote walikuwa wamelipa, wakaambiwa hakuna kitu, wakasema asante. Wenye akili walikuwa vitoto vilivyopanda lundo la mchanga wa ujenzi na kuteleza juu yake kwa makalio, vikicheka, na ni vitoto hivyo Ndayikeza alivyotumwa kuvifukuza.

Walikaa kwenye benchi na soda mbili za moto, maana friji nayo ilikuwa ikiboreshwa.

"Haya ndiyo maendeleo," Kasian alisema. "Ukitaka kitu kizuri, lazima ukubali kifungwe kwanza, kitengenezwe. Mteja muungwana anavumilia."

"Kufunga wafunge. Ila wafunge na geti."

"Wakifunga geti, hela ya kutengenezea itatoka wapi?"

"Kumbe nimetoka Kibondo kuja kuwachangia saruji."

"Subira yavuta heri, Vesti."

"Heri ya nani?"

Kasian akanyonya soda. Vestina akamgeukia vizuri. "Haya, nitajie hapahapa chini. Siku haihitaji gurudumu."

"Hapana, tutaharibu. Nataka iwe kumbukumbu. Likishapona tutarudi, nitakutajia kulekule juu, kama tulivyopanga."

Ndayikeza alikuwa akipita, anahema, ametoka kupambana na wale watoto. Vestina akamwita. "Mzee, gurudumu hili lilisimama lini?"

"Tangu Pasaka, dada. Na tulitangaza redioni asubuhi na jioni, hadi leo tunatangaza, watu wasije wakasema hawakuambiwa."

Redioni. Redio ya duka la Kasian huwashwa kabla dirisha halijafunguliwa. Ukienda kununua mbegu za mahindi kwake, unarudi nyumbani na mbegu na matangazo yote ya vifo na mikutano ya wilaya tatu.

"Ulijua," Vestina alisema.

"Nilidhani watakuwa wamemaliza."

Hakumwangalia aliposema hivyo. Vestina alisubiri hasira ije, ikakataa kuja. Unamkasirikia mtu aliyekunyima kitu, na huyu hakuwa na kitu cha kumnyima mtu: alikuwa na geti zuri tu, na bango, na yeye Vestina alikuwa amelipa na kuingia, miaka yote, akiwaeleza watu hapa patakuja kuwa jiko, pale patakuja kuwa chumba cha wageni. Alijiona hana tofauti na yule baba wa kitambi. Aibu ilimwakia hadi masikioni, kisha ikapoa, ikabaki dharau tupu.

Akasimama, akakung'uta vumbi kwenye gauni la kitenge alilojishonea kwa ajili ya siku hii. Akaushika mkono wa Kasian kwa mikono yake miwili, taratibu, kwa adabu zote.

"Wihangane, Kasian," alisema.

Kasian akacheka, akidhani ni ule utani wa getini. Halafu akaangalia mikono inavyomshika, na yeye ni Muha wa kuzaliwa, amekwisha kaa misiba mingi. Kicheko kikaisha.

"Vesti. Nani kafa?"

Vestina alikuwa amekwisha uachia mkono. Alitoka nje, geti likafunguka bila kelele, akaulizia bodaboda ya Kitanga, kwa sababu jogoo lazima alikuwa ameiva na mama hapendi chakula kipoe.