Msuli wa Makame

Usiku wa kuamkia leo niliota nimempeleka mjukuu wangu Makame hospitali. Makame ni golikipa, mtu mzima wa miaka ishirini na nne. Mwaka jana alichanika msuli wa ndani ya paja, akarudishwa nyumbani amebebwa juu ya ubao wa mlango. Daktari alimwambia: ukichanika tena, mpira basi.

Katika ndoto daktari ni yule yule, ila pua yake ni ya birika.

"Bibi, msuli huu upashe moto kwanza, ndipo uunyooshe. Pole pole. Ukianza kuvuta, shikilia hapo hapo, hesabu mpaka thelathini."

Akatia mkono pajani mwa Makame, akautoa, akanikabidhi. Una mistari ya buluu na matamvua, kama ule msuli wa kitambaa aliokuwa akijifunga kiunoni marehemu mume wangu. Sikushangaa. Msuli ni msuli.

Nikageuka kutafuta meza, nikajikuta uwanjani, kando ya goli. Meza ipo, na pasi ya mkaa juu yake. Makame kasimama golini, mguu mmoja unaning'inia mtupu kama soksi. Refa kashaweka mpira wa penalti.

"Fanya upesi, Bi Mkubwa. Nikipuliza, nimepuliza."

"Mkaa haujashika," nikamjibu.

"Nimeshika zamani," pasi inasema. "Nikandamize tumalize."

Nikalamba kidole, nikaigusa. Vuguvugu.

"Mwongo wee," nikaiambia, nikachukua upepeo nikaipepea.

Watu wanapiga kelele, "Vuta, bibi! Vuta!" Nikaupiga pasi, msuli ukapata joto. Nashika pindo, navuta. Uzi mmoja unalia, tik.

"Bibi!" Makame anaguna.

"Nimekusikia, baba."

Nalegeza. Naanza upya, kidogo kuliko mwanzo, nashikilia, nahesabu. Shule niliishia la tatu, lakini thelathini naijua.

Kumi na nane, refa anatia filimbi mdomoni. Ishirini na mbili, pasi inaninong'oneza, "Ruka hapo, nani atajua?" Ishirini na sita, filimbi inalia, mpigaji anakimbia. Ishirini na saba. Nane. Tisa.

Thelathini.

Nikamtupia Makame msuli wake. Mguu ukajaa. Akashuka chini miguu imeachana kama mkasi, ncha ya kidole gumba cha mguu ikausukuma mpira nje. Nikatega sikio nisikie kuchanika. Hakuna kilicholia.

Nikaamka, kumekucha. Makame yuko uani kwenye mkeka, kakutanisha nyayo, magoti yamelala chini huku na huku. Tangu aumie hajaliweza hilo.

"Bibi, leo paja jepesi," ananiambia. "Sijui nimelalaje."

Akasimama kufuata viatu. Ndipo nikauona: kutoka gotini kwenda juu, upande wa ndani, mstari wa pasi kwenye ngozi, umenyooka kama wa suruali ya sikukuu. Nikaugusa. Bado una joto.

"Usikae tena," nikamwambia. "Utaukunja."