Kufuta Hifadhi

...na bado anasema futa, anasema kama mtu anayeagiza chai, amesimama mlangoni mwa chumba cha seva, eti baridi ya humu inamshika kifua, "Apendi, futa hiyo kitu, nafasi imeisha," na mimi najibu ndiyo mzee, ndiyo mzee, mdomo huu nao, nafasi haijaisha, nimeiona sasa hivi kwenye skrini nyeusi, nusu ya diski iko tupu, sanduku moja la chuma limebeba mashine tano zisizo na mwili, za programu tupu, ya matangazo, ya muziki, ya mishahara, ya barua pepe, na hii anayotaka ife, hifadhi, yenye kila sauti iliyowahi kupita kwenye redio yetu hapa Tororo, na katika sauti zote hizo huyu Herbert, mkuu wetu, anaogopa moja, ya Akwi... kipaza sauti nilishika mimi, kule Tiira, kesho yake baada ya shimo la dhahabu kubomoka, mtangazaji aliugua nikaambiwa wewe fundi nenda, Akwi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, matope mpaka magotini, mwanawe Sam bado yuko chini, halii, anaongea tu, "Mimi naambia yeye maji nakuja kutoka upande, yeye nasema chimba, kama naogopa toka, wengine nataka kazi," akamtaja mwenye shimo kwa jina lake na la baba yake, tukairusha jioni ile, mara moja tu, kisha simu zikaanza, na leo mwenye shimo huyo ndiye mdhamini wetu, jina lake linasomwa kabla ya matangazo ya vifo, vifo, Mungu wangu, anadhamini vifo... "Wakili yake napiga simu tangu asubuhi," Herbert anasema, haya, sasa si nafasi tena, ni wakili wa mdhamini, Akwi amemshtaki huko Busia, mahakama imeitisha sauti ile, na huyu ataenda kuapa kwamba haipo, ataweka mkono juu ya Biblia, mzee wa kanisa... mashine nimeshaizima, hilo nimefanya, virsh shutdown hifadhi, ikalala bila ubishi, na amri ya pili nimeiandika yote, virsh undefine hifadhi --remove-all-storage, imebaki kubonyeza tu, na hii haikuulizi kama una hakika, ukibonyeza imekwenda, yenyewe na diski zake, Akwi na ndoo yake... naweza kuinakili kwanza kwenye flashi, niifiche kwenye soksi, nitoke nayo kama mwizi, lakini kwa nini nijifiche mimi, nimeiba nini... "Unangoja nini, binti?" "Nangoja izimike vizuri, mzee," uongo, imeshazimika zamani, "Nani alitoa wewe Kisoko?" anauliza polepole, karibu kwa upole, na hapo damu inanipanda mpaka masikioni, alinitoa, ndiyo, nilikuwa napalilia mihogo na cheti cha kompyuta kimelala chini ya godoro, na kila akitaka uchafu wake ufanywe ananirudisha Kisoko, jembe mkononi, nimshukuru upya, na mbona hafanyi mwenyewe, amri hiyo hapo, kitufe kimoja, kusoma anajua, na kifua gani, ofisini kwake kiyoyozi kinavuma kutwa nzima, si kifua, si baridi, anataka kidole kiwe changu, akiulizwa mahakamani aseme ni yule msichana wa kompyuta, alikosea, hawa vijana... hivyo basi, ndiyo maana ya binti, binti, nami nilidhani namwogopa, kumbe tangu asubuhi yeye ndiye anayenibembeleza... nasukuma kiti nyuma, naacha kibodi wazi mbele yake, "Iko tayari, mzee," nasema, "njoo ubonyeze wewe," na feni za seva zinaendelea kuvuma, kijistari kinawaka na kuzimika mwishoni mwa amri, na Herbert anatazama kibodi, anatazama nyuma kwenye korido, mguu wake haujavuka kizingiti.