Zilizokufa Sahanini

Kilichomponza Gakii ni furaha. Watu wa maabara hufundishwa kufunga midomo, naye wake aliufunga miaka minne, lakini siku seli za ugonjwa za rafiki yake Nasimiyu zilipokufa zote kwenye sahani ya majaribio, alishindwa. Alitoka kazini mbiombio hadi wodini, akamwambia zimekwisha.

Nasimiyu alikuwa msafishaji wa hoteli kule Lusail, nje kidogo ya Doha, na walikuwa wakiishi chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura kabla saratani ya damu haijamlaza. Gakii alimweleza kwa lugha nyepesi. Juu ya kila seli ya ugonjwa kuna kipokezi, na kazi yake ni kupokea amri ya kukua. Dawa mpya inakiziba. Amri isipofika ndani, seli inakufa.

Nasimiyu hakumngoja daktari. Alimpigia mdogo wake Levis, aliyekuwa na tiketi mkononi aje Doha kumtolea uboho wa mifupa yake apandikizwe, akamwambia abaki Bungoma na mkewe aliyekaribia kujifungua. Ijumaa, ushirika wao wa kanisa ulipiga magoti kushukuru. Gakii naye alipiga magoti, mjinga wa watu, akalia kwa raha.

Wiki mbili baada ya kuanzishiwa dawa hiyo, damu ya Nasimiyu ilikuwa imejaa seli mbaya kuliko mwanzo. Gakii hakuamini. Alizitoa seli alizokuwa amezigandisha, akazitia dawa ileile, ila safari hii akaziweka pamoja na seli za uboho. Siku ya tatu alichungulia kwenye darubini. Zilikuwa hai na zimenawiri. Uboho ulikuwa ukizipa amri kupitia kipokezi kingine ambacho dawa haikukigusa. Mara ya kwanza sahanini hapakuwa na uboho wowote, na mwilini umejaa tele. Jambo hilo alilijua tangu chuoni, na ndilo lililomuuma zaidi.

Daktari alisema uboho wa kupandikiza usipopatikana ndani ya siku kumi, hatakuwa na la kufanya. Gakii alikwenda kitandani kwa rafiki yake akasema yote, bila kujitetea. Nasimiyu alikunjakunja ncha ya shuka.

"Hukunidanganya," alisema mwishowe. "Ulifurahi tu. Lakini Levis umpigie wewe. Mimi nikisikia sauti yake nitamwambia tena abaki."

Gakii alitoka hadi kwenye korido akapiga. Aliomba simu isipokelewe. Ilipokelewa upesi, na nyuma yake kulikuwa na vigelegele.

"Dada Gakii, nilikuwa karibu kukupigia," Levis alisema, wala hakumpa nafasi. "Mtoto amefika leo asubuhi, msichana. Tumesema aitwe Gakii, kwa vile ulituokolea dada yetu."

Gakii aliegemea ukuta. Vigelegele vilizidi.

"Levis," alisema, "toka nje kidogo, uwe peke yako."